Kamera Nne Kuukuu na Mfuko Mmoja Mwembamba

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Leo naomba ruhusa ya kuhakiki vyombo. Najua wapo watakaoguna: kamera na fasihi wapi na wapi? Nitawajibu kwa kifupi, kisha tuendelee na safari.

Kundi letu la uandishi lina vijana watano. Tumekusudia kuandika habari za wazee wa mtaa wetu, ambao nyumba zao zimekwisha kupigwa alama ya X nyekundu kwa ajili ya kupanua barabara. Wazee tuliowaorodhesha ni 24. Tunataka kila mmoja awe na maneno yake na sura yake. Tumechanga fedha, kila mtu katoa alichonacho, na mwingine katoa hata asichonacho. Mchango huo unatosha kununua kamera moja ya filamu ya mtumba, na kitakachobaki ndicho cha kununulia filamu. Tukichagua vibaya hakuna mchango wa pili, na tingatinga halimsubiri mtu. Ndiyo maana nikasema kabla ya kufungua mkoba tuhakiki kwanza, tena kwa ukali ule ule tunaoutumia kwa riwaya mbovu.

Hoja ya simu

Hoja ya simu ni nzito na sitaikwepa. Mwenye haja ya picha tu, basi, atumie simu yake. Ni rahisi, na picha yake huwa safi kuliko nyingi za filamu. Anayekuambia eti filamu ina roho na simu haina, muulize roho hiyo inauzwa duka gani.

Lakini mtaani kwetu simu huibiwa, hutumbukia kwenye ndoo, huuzwa shida ikibisha hodi, na picha huondoka nayo. Picha ya marehemu babu yangu ilipigwa studio kabla mimi sijazaliwa. Hadi leo ipo ukutani, na negativu yake imo ndani ya bahasha kabatini. Negativu haiombi nywila wala chaji. Ukiiinua kwenye mwanga unamwona mtu, ingawa weusi wake umegeuka weupe. Tunataka wajukuu wa wazee hawa wawe na kitu cha namna hiyo, ambacho kinakaa ndani ya sanduku la nguo miaka 50 bila kumdai mtu chochote.

Wapo pia wanaosema filamu inafundisha subira, kwa kuwa una picha 36 tu na kila moja ina gharama. Hoja hii naipinga nusu. Sisi tuliokulia katika kubana matumizi hatuhitaji mashine kutoka Japani itufundishe kubana. Tunachohitaji ni hesabu. Tukimpigia kila mzee picha sita, jumla ni picha 144, yaani filamu nne kamili. Kwa hiyo filamu moja ni wazee sita. Kipimo changu katika uhakiki huu ni hicho: kila kamera ikiongeza bei kwa kiasi cha filamu moja, wazee sita wametolewa kwenye kitabu chetu. Tuone ni kamera ipi inayostahili kula wazee sita.

Fani na maudhui

Shuleni tulifundishwa kutenganisha fani na maudhui. Walimu walituandikia ubaoni: fani ni ufundi, maudhui ni yale yasemwayo. Nikiitazama kamera kwa jicho hilo, fani yake ni chuma, lenzi na gia. Maudhui yake ni kile inachomwachia mpiga picha akiamue. Kamera inayoamua kila kitu ni kama mwandishi anayemfafanulia msomaji hadi mwisho, haimwachii kazi. Isiyoamua chochote inamtupa mwanafunzi baharini bila boya. Anayeanza anatafuta ya katikati.

Maamuzi yenyewe ni matatu tu, na ndugu msomaji usitishwe na namba. La kwanza ni upana wa tundu la lenzi, unaoandikwa f/2, f/4, f/16 na kadhalika. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. La pili ni mwendo wa shata, yaani muda ambao pazia hufunguka: sehemu ya 1/60 ya sekunde, 1/250, na kuendelea. La tatu ni fokasi, yaani umbali ambao picha itakuwa kali. Wepesi wa filamu yenyewe kunasa mwanga, ambao wazee wa kazi wanauita ASA, unachaguliwa dukani mara moja na hauhesabiki hapa.

Pentax K1000

Muulize mtu yeyote kamera ya kuanzia, atakujibu K1000 hata kabla hujamaliza swali. Ilianza kutolewa mwaka 1976 ikaendelea hadi 1997. Miaka 21 sokoni si mchezo. Wanafunzi wengi wa upigaji picha, hasa Marekani, walifundishiwa hiyo, na sababu zilikuwepo. Kila kitu ndani yake ni gia na springi. Betri yake moja ndogo kama kifungo cha shati, aina ya LR44, inaendesha kipima mwanga tu. Betri ikifa, kamera inaendelea kupiga kwa mwendo wowote, kuanzia sekunde nzima hadi 1/1000. Ukichungulia unaona sindano. Ikikaa katikati, mwanga umetosha. Maamuzi yote matatu ni yako, na sindano inakunong'oneza tu. Kwa maneno ya ubaoni, hapa fani na maudhui vimeshikana mikono.

Kasoro zake ni ndogo. Haina swichi ya kuzima kipima mwanga, kwa hiyo ukiisahau bila kifuniko cha lenzi betri inaliwa polepole. Haina saa ya kujipigia mwenyewe. Kasoro kubwa haimo ndani ya kamera, imo midomoni mwa watu. Sifa imekuwa nyingi mno, na muuzaji naye ana masikio. Leo unalipia chuma, kisha unalipia jina. Dada yake aliyemtangulia kidogo, Pentax KM, ana mwili ule ule pamoja na vikorombwezo ambavyo K1000 ilinyimwa ili iuzwe kwa bei ya chini. Lakini hakuna anayemwimba. Katika fasihi pia tunao waandishi wa namna hiyo: mmoja anawekwa kwenye mtaala, mwenzake aliyeandika vizuri kama yeye anauzwa chini kwenye gunia.

Canon AE-1

Hii nayo ni ya mwaka 1976, lakini ni mtoto wa ukoo mwingine. Ilikuwa kamera ya kwanza ya aina yake, yaani ile unayochungulia kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo, kuwekwa ubongo wa kompyuta ndogo. Wewe unachagua mwendo wa shata, yenyewe inachagua tundu. Ni nyepesi, ni nzuri, inapiga picha safi. Vijana wa leo wanaipenda shingoni kuliko mikufu.

Hukumu yangu ni kali kwa sababu moja. Bila betri yake ya volti 6, AE-1 haipigi hata picha moja. Na betri hiyo si ile ya redio unayoikuta kwa Mangi. Pia ina ugonjwa unaojulikana: zikizeeka, nyingi hukohoa kila unapobonyeza, kwa sababu mafuta ya gia za kioo yamekauka. Kikohozi hicho fundi anakiweza. Umeme wa ndani ukifa, fundi wa mtaani atakurudishia kamera pamoja na pole. Tukimwendea bibi wa miaka 80 aliyekwisha kuvaa kanga yake ya sherehe, tukamwambia subiri, betri imekata, hiyo si kasoro ya kiufundi tena. Ni kukosa adabu.

Olympus Trip 35

Hii ilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984. Kamera ndogo, inaingia mfuko wa koti. Haitaki betri kabisa. Kuzunguka lenzi yake kuna seli za seleniamu, zile zenye sura ya sega la nyuki, ambazo mwanga ukizigonga zinatoa umeme wa kutosha kuamua kila kitu. Ina miendo miwili tu, 1/40 na 1/200, inayojichagulia yenyewe. Mwanga ukiwa haba, kibendera chekundu huchomoza kwenye dirisha la kuchungulia na kitufe kinagoma. Fokasi unaiweka kwa picha ndogo za alama: kichwa cha mtu mmoja, watu wawili, kundi, mlima.

Naipenda Trip kuliko ninavyopaswa. Kwa mtu anayetembea juani, sokoni, ufukweni, sijui chombo kinachompunguzia matatizo namna hii. Lakini kwa kazi yetu ina mambo mawili. Kwanza, seli ya seleniamu ikifa imekufa, na kamera inabaki na njia chache sana za kufanya kazi. Pili, wazee wetu wengi hukaa ndani au barazani, penye kiza cha mabati na miti. Kibendera chekundu kitachomoza mara nyingi mno. Ni msimulizi hodari, lakini anasimulia mchana tu.

Zenit-E

Sasa nafika kwa yule ambaye wachambuzi wa kamera humtaja mwisho, tena kwa kicheko. Zenit-E ilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1960 huko Krasnogorsk, karibu na Moscow. Ni nzito kama tofali. Inapobonyezwa inalia kama mlango wa lori. Dirisha lake ni la kiza na halikuonyeshi picha nzima itakayotoka. Miendo yake ni mitano tu, kutoka 1/30 hadi 1/500, pamoja na ile ya kushikilia wazi kwa kidole. Kipima mwanga chake nacho ni cha seleniamu, na katika kamera nyingi kimekwisha kuzeeka kikawa kinasema uongo. Ukiwa na lenzi yake ya kawaida, Helios 44-2, unafungua tundu wazi ili uone, unaweka fokasi, halafu unazungusha pete kulifunga kabla ya kupiga. Ukisahau, picha imeungua kwa mwanga.

Basi nani ataitetea? Mimi hapa. Kwanza, ni rahisi kwa bei, kwa sababu hiyo hiyo kwamba inachekwa. Pili, haina umeme wowote wa kufa zaidi ya kile kipima mwanga, ambacho tunaweza kukipuuza. Tatu, ile Helios ya milimita 58 inafunguka hadi f/2, maradufu ya mwanga wa Trip, na inasogea hadi nusu mita kutoka usoni. Kwa nyuso za wazee sioni sababu ya kutafuta zaidi. Nne, lenzi zake ni za skrubu ya M42, ile ile ya Praktica za Dresden na Pentax Spotmatic za zamani, kwa hiyo mwili ukifa lenzi haifi nao.

Mwanga utapimwaje? Kwa jua kali la saa sita ipo kanuni ya kale: weka tundu f/16, na mwendo wa shata ukaribiane na namba ya filamu. Filamu ya ASA 200, mwendo 1/250. Ukiingia kivulini fungua hatua tatu au nne. Filamu ya rangi ya negativu husamehe mwanga ukizidi, ila haisamehi ukipungua, kwa hiyo ukiwa na shaka fungua zaidi. Na ndani ya nyumba? Ipo programu ya kupima mwanga kwenye simu, ya bure. Simu ambayo tumeikataa kama mwandishi tunaiajiri kama karani.

Waliotutangulia

Mtu aniambie kwamba vyombo duni huzaa kazi duni, nitamjibu kwa majina. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mwanafunzi na Box Brownie ya mtumba, ambayo ni sanduku tu lenye lenzi. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix hapo hapo Dar, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu. Kule Lamu, Omar Said Bakor alijifundisha mwenyewe akafungua studio, akaunganisha picha kwa mikono yake kwa namna ambayo wataalamu wa nje walikuja kuisomea. Unguja, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na kupitia nyumba hiyo tunaiona Zanzibar ambayo wengi wetu hatukuikuta.

Lakini tusiwatumie wakubwa hawa kama kisingizio kwamba chombo si kitu. Kuna fundisho la wazi zaidi: mpiga picha hafiki mbali na chombo asichoweza kukilisha. Kamera ya kifahari isiyo na filamu ni pambo la kabati.

Namna ya kukagua

Kwa kuwa muuzaji hatakwambia, jiambie mwenyewe. Fungua mgongo wa kamera, vuta wenzo, bonyeza, utazame pazia likifunguka kwa kila mwendo. Miendo mirefu na mifupi isikike tofauti. Ikilia sawa yote, achana nayo. Pazia la kitambaa, kama la K1000 na Zenit, lielekeze kwenye taa utafute vitundu. Toa lenzi, imulike kwa tochi ya simu: ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu, na kwetu pwani kuvu haihitaji mwaliko. Vumbi kidogo lisikutishe. Gusa sponji za pembeni mwa mlango. Zikishika vidole kama lami zimeoza, lakini hilo ni tatizo dogo, hubandikwa nyingine kwa saa moja. Fungua chumba cha betri. Kutu ya kijani ni dalili ya mgonjwa.

Jihadhari pia na kamera za miaka ya 1960 na 1970 zilizoundwa kwa betri za zebaki, mfano Olympus OM-1 ya mwaka 1972. Betri hizo zimeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu. Zipo njia za kuzungukia, hata kwa betri za vifaa vya wasiosikia vizuri, ila anayeanza ana mengine ya kujifunza.

Na kabla ya kununua chochote, uliza filamu itasafishwa wapi. Duka la picha nililolijua utotoni leo linapiga pasipoti za dijitali tu. Filamu ya rangi inataka dawa yenye joto la nyuzi 38 bila kuyumba. Hiyo tupeleke kwa wenye mashine. Nyeusi na nyeupe, kama Ilford HP5 Plus au Fomapan, tunaweza kuisafisha wenyewe kwa kopo maalumu. Maelekezo mengi yameandikwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba ya pwani hayajawahi kuwa nyuzi 20, kwa hiyo andaa barafu.

Hukumu

Mwenye fedha zake na anunue K1000, hatajuta. Anayetembea peke yake juani anunue Trip, baada ya kuhakikisha kibendera chekundu kinachomoza kizani na kushuka kwenye mwanga. AE-1 aichukue mwenye fundi ndani ya familia.

Sisi watano tununue Zenit-E yenye pazia zima na Helios isiyo na kuvu. Ikikosekana iliyo nzima, tuchukue Praktica MTL 5, ambayo ina miendo mirefu zaidi na lenzi zake ni za skrubu ile ile. Kinachobaki chote kiende kwenye filamu ya ASA 400 nyeusi na nyeupe: moja ya kujifunzia, nne za wazee. Ile ya kujifunzia tupigane picha sisi kwa sisi, hadi kila mmoja aweze kufunga tundu bila kukumbushwa. Mbele ya mzee hatutakuwa na nafasi ya kuuliza.

Mwenzetu mmoja bado anashikilia K1000, eti tungoje miezi mitatu tuongeze mchango. Hoja yake naiheshimu, na ukurasa huu uko wazi kwake toleo lijalo. Ila nilipopita juzi, nyumba mbili za mwanzo zilikuwa zimekwisha kuezuliwa mabati, na Bibi wa nyumba ya tatu alikuwa akiuliza tutakuja lini.